Inaendelea Vizuri

Mwalimu Mkuu hanywi chai akiwa amekaa. Kikombe kiko mkono mmoja, kalamu iko mkono mwingine. Mguu mmoja uko ndani ya nyumba, mwingine umeshatoka. Mume wake ni fundi cherehani. Anashonea chumba cha mbele cha nyumba yao. Kila asubuhi humwambia mkewe maneno yale yale.

"Kaa, mama. Kiti hakina miiba."

"Nikikaa, nani ataandika taarifa ya wilaya? Leo Jumatano. Ijumaa inatakiwa."

"Si unayo ya muhula uliopita?"

"Ninayo. Nitabadilisha tarehe tu."

"Basi umeshamaliza. Kaa unywe chai."

Hakukaa. Alizunguka meza mara mbili, akaweka kikombe dirishani, akasahau kukimalizia, akaenda zake.

Kila muhula, kila shule huandika taarifa na kuipeleka ofisi ya elimu ya wilaya. Fomu ina maswali mengi. Swali la saba linasema: "Hali ya kusoma katika madarasa ya chini ikoje?" Kwa miaka miwili Mwalimu Mkuu alijibu hivi: "Inaendelea vizuri. Kuna changamoto ndogo ndogo."

Mwalimu Mkuu na fundi wana binti mmoja wa miaka tisa. Yuko darasa la tatu, shule ile ile ya mama yake. Baba yake alimpa jina la utani, Kasuku. Akisikia tangazo la redio mara moja tu, hulirudia lote, mpaka muziki wake.

Siku hiyo mchana fundi alikuwa na gauni la bluu mezani. Mwenye gauni alikuwa ameliacha asubuhi kwa haraka, na karatasi imebanwa kwa pini kifuani. Fundi hakuwa na miwani. Aliikalia juzi, ikavunjika, nayo ilikuwa kwa fundi mwenzake wa miwani.

"Kasuku! Njoo unisomee hapa, mwanangu."

Kasuku akaikodolea macho karatasi. Alilijua neno moja, "mikono". Neno hilo limeandikwa kwa herufi kubwa ukutani shuleni, karibu na bomba la maji. Kisha akaona herufi k, a, t. Akasema bila kusita:

"Mikono, kata."

"Yote miwili?"

"Yote, baba."

Mkasi ukafanya kazi yake.

Kesho yake mwenye gauni akaja kulichukua. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, mwalimu wa Kasuku mwenyewe. Alilitaka gauni kwa ajili ya mkutano wa wazazi. Akalikunjua. Akaligeuza mbele, akaligeuza nyuma.

"Fundi, hii nini?"

"Gauni lako."

"Gauni langu lilikuwa na mikono."

"Si umesema nikate?"

"Nimesema usikate! Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe. Karatasi iko wapi?"

Karatasi ilikuwa chini ya cherehani. Mwalimu akaiokota, akaisoma kwa sauti ili hata wapita njia wasikie: "Mikono usikate. Punguza urefu tu."

"Sina miwani," fundi akasema. "Nilisomewa."

"Na nani? Huyo aliyekusomea kasoma shule gani, nikaifunge?"

Fundi akakuna kichwa. "Shule yako, mwalimu. Tena yuko darasani kwako."

Mwalimu Mkuu aliyasikia hayo akiwa chumba cha ndani. Akatoka na kitabu cha kusomea cha darasa la tatu. Akamwita binti yake.

"Soma ukurasa wa tano."

Kasuku akasoma upesi, bila kukwama, sauti nzuri kabisa. Baba yake akaanza kutabasamu. Ukurasa wa tano ukaisha. Kasuku akaingia ukurasa wa sita, akaendelea vile vile. Lakini kitabu kilikuwa bado kiko wazi ukurasa wa tano. Hakuna aliyeufunua ukurasa.

Fundi akaacha kutabasamu.

Mwalimu Mkuu akafungua ukurasa wa thelathini. "Haya, hapa."

Kasuku akatazama karatasi. Akamtazama mwalimu wake. Akatazama miguu yake.

"Hapo mwalimu hajatusomea bado."

Akatumwa nje akacheze. Mwalimu wa darasa la tatu akajibwaga juu ya marobota ya nguo. Gauni lisilo na mikono lilikuwa limemlalia mapajani.

"Wako wangapi hivi?" Mwalimu Mkuu akauliza.

"Darasani nina tisini na wanne. Wanaosoma kweli, kitu ambacho hawajawahi kukisikia, ni kumi na wanane."

"Kumi na wanane! Na mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia mwaka jana, Mama Mkuu. Ukaniambia tuandike 'changamoto ndogo ndogo'."

Mwalimu Mkuu akaanza kutembea, kutoka cherehani mpaka mlangoni, kutoka mlangoni mpaka cherehani. Chumba chenyewe kina hatua nne tu.

"Mwakani wanaingia darasa la nne," akasema. "Darasa la nne hakuna wa kukusomea. Sayansi unasoma, hesabu unasoma. Watakaa tu pale wakitazama ubao. Na huyu wangu atakuwa katikati yao."

"Basi iambie wilaya," mume wake akasema.

"Wilaya! Unamkumbuka mwalimu mkuu wa shule ya jirani? Aliandika ukweli. Muhula haujaisha, akahamishwa. Nikihamishwa mimi, wewe na wateja wako je?"

"Cherehani tutaibeba."

"Unasema kirahisi."

"Si kirahisi. Nimeharibu gauni la mwalimu wa watu hapa, naona aibu mpaka masikioni. Lakini cherehani inabebeka. Mtoto akifika miaka kumi na tano bila kujua kusoma, utambeba vipi?"

Mwalimu Mkuu akaacha kutembea. Alichukua fomu aliyokwisha kuijaza. Akaichana. Akajaza nyingine palepale, juu ya meza ya kukatia nguo, akiwa amesimama. Swali la saba akalijibu hivi: "Darasa la tatu lina wanafunzi 94. Wanaosoma ni 18. Binti yangu si mmoja wao."

Ijumaa aliipeleka wilayani mwenyewe. Ofisi ya elimu ina korido ndefu na benchi moja. Kuna karani mmoja na makabati ya chuma yasiyofunga vizuri. Afisa elimu wa wilaya alikuwa mezani kwake. Walimu wanamwita Bwana Muhuri, lakini akiwa hayupo. Alikuwa amejizungushia marundo ya taarifa. Anavuta moja, anagonga muhuri, anaweka kando. Anavuta nyingine, anagonga.

Akaivuta ya Mwalimu Mkuu. Muhuri ukapanda juu.

Mwalimu Mkuu akaweka kiganja chake juu ya fomu. "Usigonge, Bwana Afisa. Soma kwanza."

Muhuri ukabaki hewani. Karani akaacha kuandika.

Afisa akasoma. Aliposoma swali la saba, alirudia mara mbili. Kisha akamwambia karani amletee faili la shule hiyo. Akazipanga taarifa sita za miaka miwili mezani, moja kando ya nyingine.

"Mwalimu, hebu njoo uone. Hapa umeandika 'wanafuzi', herufi n moja imeanguka. Na hapa, 'wanafuzi'. Na hapa. Mara sita. Na kila muhula unaniambia paa la darasa la pili linajengwa. Hilo paa ni la ghorofa ngapi?"

Mwalimu Mkuu akazitazama taarifa zake. "Lilikwisha zamani. Nilikuwa nanakili."

"Naona."

Angeweza kunyamaza hapo. Lakini miguu yake ilikuwa haitulii, na mdomo nao ukakataa kutulia. Akafungua faili la shule alilokuja nalo. Akatoa barua sita.

"Na wewe, Bwana Afisa, hizi ndizo barua ulizonijibu. 'Taarifa yako imepokelewa na inafanyiwa kazi.' Mara sita. Kazi gani?"

Karani akakohoa. Afisa akachukua zile barua, akazisoma kama mtu anayesoma barua za mtu mwingine. Saini ilikuwa yake.

"Karani huniletea, mimi nasaini," akasema taratibu. Kisha akacheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. "Kwa hiyo miaka miwili karatasi zako zimekuwa zikizungumza na karatasi zangu. Mimi na wewe hatujazungumza hata siku moja."

"Niliogopa kuhamishwa kama yule mwenzangu wa shule ya jirani."

"Yule? Yule aliomba mwenyewe kuhama. Mkewe alikuwa anaumwa, alitaka kuwa karibu na hospitali. Mungu wangu, nyie mnaambiana nini huko?"

Akaufungia muhuri ndani ya droo. Akamvutia Mwalimu Mkuu kiti. Mwalimu Mkuu akakaa pembeni kabisa ya kiti.

"Sikiliza, mwalimu," Afisa akasema. "Hapa neno 'changamoto' tuliache. Likishaandikwa, kila mtu anatulia. Sema tatizo. Tatizo lina idadi, lina darasa, lina watoto. Ukiniambia sabini na sita hawasomi, naweza kukuuliza swali. Ukiniambia changamoto ndogo ndogo, nitakuuliza nini?"

"Uliza sasa."

"Hao sabini na sita wamekwama wapi? Kwenye herufi? Kwenye silabi? Au maneno wanasoma, ila sentensi inawashinda?"

"Sijui."

"Hilo ni jibu zuri kuliko yote niliyosoma leo. Basi kaeni na kila mtoto peke yake, dakika tatu. Mpe herufi, mpe silabi, mpe maneno, kisha mpe habari fupi ambayo hajawahi kuisikia. Anapokwama, andika. Halafu wagawe kwa pale walipokwama. Usiwagawe kwa umri. Saa moja kila asubuhi, kila kundi na mwalimu wake."

"Walimu wa kutosha makundi hayo nitawatoa wapi? Yule wa darasa la tatu mnamwita huku kila mara, eti aje kujaza takwimu. Muhula uliopita alikosa siku kumi na moja. Kumi na moja! Na vitabu vya kusomea ni kimoja kwa watoto tisa. Mmoja anasoma, wanane wanamsikiliza. Hawajifunzi kusoma, wanajifunza kukariri."

Afisa akachukua karatasi nyeupe. Akapiga mstari katikati, kutoka juu mpaka chini.

"Upande huu ni wako. Upande huu ni wangu. Kuwapima watoto na kuwagawa, hiyo ni yako. Siwezi kukufanyia nikiwa hapa. Kuacha kumwita mwalimu siku za masomo, hiyo ni yangu. Vitabu, vyangu. Hutaweza kuvitoa ghalani wewe. Na kila baada ya wiki tatu, Jumatano, nakuja. Tutasoma karatasi hii, mstari kwa mstari. Wewe utaniuliza wa kwangu, nami nitakuuliza wa kwako."

"Ukija tukuandalie nini?"

"Msiniandalie kitu. Nyimbo, hapana. Meza yenye kitambaa, hapana. Watoto wasiojua kusoma msiwatume maji siku hiyo. Najua mnafanya hivyo, na mimi nilipokuwa mwalimu nilifanya."

Wakasaini wote wawili. Safari hii Afisa alisoma kabla ya kusaini.

Kuwapima watoto wa madarasa yote ya chini kulichukua wiki moja na nusu. Ndipo mambo yakaanza kukwaruza. Watoto thelathini na wanane hawakujua hata herufi zote. Kundi hilo kila mwalimu alilikwepa.

"Mimi ni mwalimu wa darasa la sita," mmoja akasema. "Nikafundishe a, e, i, o, u? Watu watanionaje?"

"Basi nitalichukua mimi," Mwalimu Mkuu akajibu.

Na Kasuku alikuwa katika kundi hilo. Siku ya tatu aligoma kuingia darasani. Alisimama mlangoni, mkoba kifuani.

"Mama, humu kuna watoto wa darasa la kwanza. Wananicheka."

"Shuleni mimi siyo mama."

"Mwalimu, wananicheka."

Mwalimu Mkuu alichuchumaa mpaka macho yao yakalingana. "Kosa si lako. Sisi watu wazima tuliandika kwamba unajua. Sasa tunarekebisha. Ingia, nikae karibu nawe."

Kasuku akaingia. Hakufurahi, lakini aliingia.

Jumatano ya kwanza ikafika. Afisa alikuja peke yake, viatu vimejaa vumbi. Akakaa nyuma ya darasa kwenye dawati la watoto, magoti yamemfika kidevuni. Vitabu havikuwa vimekuja. Na juzi yake tu mwalimu wa darasa la tatu alikuwa ameitwa tena wilayani.

Baada ya masomo Mwalimu Mkuu akaitoa ile karatasi yenye mstari. Kumwambia mkubwa wako kwamba hajafanya kazi si mchezo.

"Upande wangu, Bwana Afisa, tumefanya yote mawili. Upande wako, hakuna hata moja."

Walimu waliokuwa karibu wakajifanya wanatafuta chaki. Afisa akasoma upande wake. Akasimama palepale, akapiga simu ofisini.

"Karani, nani amemwita huyu mwalimu juzi?... Barua ya zamani? Basi barua za zamani zote leta mezani kwangu. Hakuna mwalimu wa madarasa ya chini atakayeitwa asubuhi tena. Takwimu tutazifuata sisi. Na vitabu?... Vipi havipo? Nitakwenda ghalani mwenyewe."

Kesho yake alikwenda. Vitabu vilikuwepo, maboksi kumi na mbili, chini ya viti vibovu. Shule ilikuwa imeomba "vitabu vya ziada vya kusomea". Mtunza ghala alikuwa na "vitabu vya hadithi" kwenye orodha yake. Kwa hiyo kila mara alijibu kwamba havipo. Maboksi hayo yalikuwa yamekaa mwaka mzima kwa sababu ya neno moja.

Jumatano ya pili Afisa alikuja na maboksi. Alikuja pia na mwalimu mkuu wa shule nyingine ya wilaya hiyo. Shuleni kwake watoto walikuwa wanasoma vizuri. Akawaonyesha walimu namna ya kumsikiliza mtoto akisoma bila kumtafunia neno. "Hesabuni mpaka tano kimoyomoyo," akasema. "Nyie mnawahi mno. Mtoto hajafungua mdomo, mmeshamsomea." Yule mwalimu wa darasa la sita alimtazama nusu saa nzima. Wiki iliyofuata akaomba kundi.

Kila Jumatano ya tatu ile karatasi ilitolewa. Safari nyingine upande wa shule ndio uliokuwa na mapengo. Mara moja walikosa kupima, mara moja mwalimu aliugua na kundi lake likakaa bure siku nne. Waliandika hivyo hivyo, kama ilivyokuwa. Afisa hakufoka. Aliuliza swali lake lile lile: "Mnahitaji nini kwangu ili lisijirudie?" Walimu waliacha kumwita Bwana Muhuri. Hawakupata jina lingine la kumpa, wakawa wanamwita Afisa tu.

Miezi saba ikapita. Jumatano ya mwisho kabla ya kufunga mwaka, watoto wa darasa la tatu walipimwa tena, wote tisini na wanne. Sitini na mmoja walisoma habari ambayo hawajawahi kuisikia. Ishirini walisoma maneno, lakini sentensi ndefu bado ziliwasumbua. Kumi na watatu walikuwa bado kwenye silabi.

Kasuku aliitwa karibu na mwisho. Fundi naye alikuwepo, amefunga kazi mapema. Alisimama nje ya dirisha, futi ya kupimia nguo inaning'inia shingoni. Afisa akachukua kitabu kipya, akakifungua popote tu, akampa.

Kasuku hakusoma upesi kama zamani. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari. Habari ilikuwa ya mwanamke aliyechimba kisima. Sentensi ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Katika ya tatu akakwama.

"Wa-ki... wa-ki-m..."

Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa ameng'ata mdomo. Fundi alikuwa anahesabu mpaka tano, kama mkewe alivyomfundisha, kwa vidole vilivyoshika nondo za dirisha. Mwalimu Mkuu hakuvumilia. Aliinama, mdomo ukafunguka.

Kasuku akamwinulia kiganja, bila kuondoa macho kwenye kitabu.

"Usiniambie."

Mama yake akafunga mdomo.

"Wa-ki-m-sa... wakamsa... hapana. Wa-ki-m-sa-i-di-a. Wakimsaidia! Majirani walikuwa wakimsaidia."

Akaendelea mpaka mwisho wa ukurasa. Kisha akaufunua mwenyewe, kuona kisima kilitoa maji au hakikutoa.

Nje ya dirisha fundi akawa anajifuta uso kwa futi yake ya kupimia, na futi haifuti kitu. Mwalimu wa darasa la tatu akacheka kwa sauti. Hata Afisa alichukua muda kutazama dari.

Mwalimu Mkuu ndiye aliyevuta kiti cha kwanza. Akakaa, akafungua daftari, akawatazama wenzake.

"Haya," akasema. "Bado kumi na watatu. Tuanze na yupi?"